Nifute Uso Niliouchora Mwenyewe?

BARUA YA MSOMAJI

Mwalimu,

Pokea salamu zangu. Safu yako huwa naisoma kwenye simu nikirudi Kayole jioni, matatu ikiwa imekwama Donholm na dereva amezima injini. Sikuwahi kufikiri kwamba nami siku moja ningekuandikia.

Nina miaka 31, mama wa msichana aliye Gredi ya Tatu. Kwa miaka sita nimeajiriwa na kampuni ya matangazo huko Westlands. Kazi yangu ni kuchora. Nimechora ng'ombe anayetabasamu kwenye pakiti ya maziwa, nimechora mjusi anayeuza bima. Mshahara wangu ni Sh82,000 kabla ya makato, na ndio unaolipa kodi ya nyumba, karo ya mtoto, dawa za presha za mama yangu na ada ya kitinda mimba wetu aliye chuo cha ufundi. Baba mtoto hutuma kitu akikumbuka.

Wikendi mimi ni mtu mwingine. Tuko sita, kikundi kisicho na cheti wala akaunti ya benki, na tunachora kuta za Eastlands. Tulianza kwa utundu. Kulikuwa na mtaro wa maji taka uliopasuka karibu na soko ukakaa hivyo miezi mitano. Tukachora mamba mkubwa ukutani akiota jua kando yake, na kibao: "Karibuni mbugani, kiingilio bure." Watu wakaja kupiga selfi na mamba. Wiki iliyofuata mtaro ukazibwa. Tangu siku hiyo naamini brashi ina nguvu zake.

Halafu ikaja Juni 2024. Kuna kijana wa ploti ya pili kutoka kwetu, miaka 19, alikuwa akisaidia kwa fundi wa simu. Aliwahi kunibadilishia kioo na akakataa kuongezwa hata hamsini. Jumanne ile ya tarehe 25 alikwenda mjini kuandamana, bendera mabegani, akapigwa risasi. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi Mswada wa Fedha. Yeye hakulisikia tangazo hilo.

Nilimchora mwezi wa nane. Niliomba picha kwa mama yake, akanipa nakala ya ile aliyopigwa ya kitambulisho. Siku mbili nzima mama huyo alikaa kwenye kigoda akinitazama. Nilipodhani nimemaliza, akasema, "Umesahau kovu." Lilikuwa juu ya nyusi ya kushoto, alilipata utotoni kwa kuanguka kwenye ngazi za ploti. Nikaliweka. Ukuta wenyewe ni wa nyuma ya godauni, unatazamana na steji ya matatu, na mwenye godauni alituruhusu kwa mdomo tu. Mpaka leo, Jumapili alasiri akitoka kanisani, mama huja na kigoda chake akaketi pale kama saa nzima. Halii, haombi, huketi tu. Makanga wamemzoea, hawaitii abiria upande ule.

Sasa sikia yaliyonikuta. Mwezi uliopita bosi aliniita akaniambia tumepata mteja mkubwa, kampuni ya vinywaji. Wanataka michoro kwenye kuta tisa za Eastlands, kaulimbiu ni neno moja: HATUOGOPI. Vijana, ngumi juu, bendera mabegani, na chini yao chupa. Mimi ndiye nitakayeongoza mradi, na mshahara utapanda hadi Sh120,000. Kwenye kikao, dada aliyetumwa na mteja alionyesha picha moja kwenye skrini akasema huo ndio mtindo wanaoutaka. "Kama huu," akasema, "lakini usiwe na huzuni."

Ulikuwa ukuta wangu. Alikuwa yeye, na kovu lake.

Mwalimu, sikusema neno. Niliandika kwenye daftari: "bila huzuni."

Wiki iliyofuata orodha ya kuta ikafika. Wa saba ni ule wa godauni. Mwenyewe ameahidiwa Sh60,000 kwa miezi mitatu, na simlaumu.

Kikundi hakijui. Mkubwa wetu, aliyenifundisha kupuliza rangi bila kuchuruzika, huniita "Mama Westlands". Zamani alikuwa akicheka akisema hivyo. Ila makopo mengi ya rangi hununuliwa kwa mshahara wangu, na wote wanalijua hilo. Naye mama yangu mzazi ananisihi nichukue cheo na niachane na kuta. Desemba ile ya 2024, vijana kadhaa waliowakejeli viongozi mitandaoni walipotoweka, mmoja wao mchoraji wa vikaragosi, na kutoonekana hadi Januari, mama alianza kunipigia simu kila nikichelewa dakika ishirini. Hadi leo hajaacha.

Na kuna hili. Ile picha haikufika kwa mteja kwa bahati. Niliitia mwenyewe kwenye faili la kazi zangu mwaka jana nilipoomba kupandishwa cheo. Bosi aliipenda, naye akamwonyesha mteja. Mama wa yule kijana sikumwomba ruhusa.

Natakiwa nijibu Jumatatu. Nikikubali, nitaufuta uso niliouchora mwenyewe, au nitawasimamia watakaoufuta. Nikikataa, atachora mwingine, nami nitabaki na ng'ombe wangu wa maziwa, kama watanibakisha. Je, mtu anaweza kuwa msanii wa mtaa na mfanyakazi wa Westlands bila kuusaliti upande mmoja? Au sina budi kuchagua?

Rangi Kwenye Kucha, Kayole

JIBU LA MWALIMU

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, ualimu hauniachi. Nilichopigia mstari si swali lako la mwisho. Ni yale maneno mawili uliyoyaandika kikaoni, "bila huzuni". Naona unajilaumu kwa kunyamaza. Mimi nimeona mdomo uliokwama na mkono ambao haukukubali kupoteza alichokisikia mwenyewe. Wengi wetu tukiguswa penye kidonda mbele ya watu wenye suti hunyamaza kwanza. Usiliite jambo hilo usaliti kabla hujajua ulikuwa unanyamazia nini.

Niseme nilivyokuelewa, nawe unisahihishe. Umenichorea wanawake wawili: mmoja wa Westlands anayechora chupa kwa ujira, mwingine wa Kayole anayechora kwa moyo, halafu unaniuliza nani abaki. Lakini barua yako mwenyewe inaukataa mgawanyo huo. Makopo ya rangi hununuliwa na yule wa Westlands. Ustadi wa kuchukua kipicha cha kitambulisho, ukakikuza kikajaa ukuta bila uso kupinda, uliupata wapi kama si kazini? Na aliyeuchukua ukuta huo akaupeleka ofisini kuombea cheo ni yule wa Kayole, yule uliyedhani hana doa. Sisemi haya nikuchome. Nasema kwa sababu ukiamini kwamba uchafu wote umekaa upande mmoja wa mji, utadhani kuacha kazi kutakuosha, na baada ya miezi mitatu, mwenye nyumba akibisha mlango, utakuta linalokusumbua bado liko nawe chumbani.

Watu wa kazi mbili si wapya hapa kwetu. Abdilatif Abdalla, ambaye wanafunzi wangu walikuwa wakimkariri bila kujua umri wake, alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushei, mchana msaidizi wa mhasibu katika baraza la mji la Mombasa, usiku akiandika makaratasi ya siri. Karatasi la 1968, lililouliza Kenya twendapi, lilimfunga miaka mitatu kuanzia 1969, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa 1973. Simtaji ili umwige. Kifungo si kipimo cha usanii, na wewe una mtoto wa Gredi ya Tatu. Namtaja kwa ajili ya ile kazi ya mchana, ambayo watu huiruka wakisimulia habari zake. Alikuwa na meza, alikuwa na wakubwa, alikuwa na hesabu za kufunga.

Au chukua Kamĩrĩĩthũ, pale Limuru, mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandaa mchezo wao pamoja na wanakijiji, na mazoezi yakawa Jumamosi na Jumapili alasiri. Siku nyingine waigizaji walikuwa kazini, wengine kiwandani, wengine kwenye mashamba ya chai ya watu, na asubuhi ya Jumapili ilikuwa ya kanisa. Mchezo wa kuwasema matajiri ulichezwa na watu waliokuwa wakilipwa na matajiri. Ulianza kuonyeshwa Oktoba 2; Novemba 16 leseni ikafutwa, na mwaka ulipoisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mikononi mwa polisi, akielekea kizuizini. Hayo ya mwisho ndiyo yanayosimuliwa sana. Mimi hupenda zaidi kwamba wanakijiji waliusahihisha mswada. Walimwambia mwandishi aliyesoma vyuo vikubwa: mzee hasemi hivi, mzee akisema huanza hivi. Nilipofika pale mama alipokuambia umesahau kovu, nilikumbuka Kamĩrĩĩthũ. Nitarudi hapo, ndipo moyo wa barua yako ulipo.

Kwanza tutembee kwenye njia ulizo nazo, bila mimi kukusukuma.

Unaweza kukataa kuuongoza mradi ukabaki kazini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, haiyahesabu maoni ya kisiasa kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri akueleze kosa lako na akusikilize ukiwa na mwenzako kabla hajakufuta kwa mwenendo mbaya. Vifungu vizuri. Ila nimekaa ofisini miaka ya kutosha kujua kwamba mtu anaweza kuchoshwa bila kufukuzwa, akapewa ng'ombe wa maziwa hadi astaafu. Na kuna gumu zaidi ya hilo, ambalo wewe mwenyewe umeligusa: kukataa kwako hakuuondoi ukuta wa saba kwenye orodha. Mikono yako itabaki safi na uso utafutwa vilevile. Wapo ambao hilo linawatosha, nao si waoga. Kuna kazi mtu hawezi kuifanya kwa mkono ule ule anaolia ugali. Kama ni wewe huyo, unalijua hilo kuliko mimi.

Unaweza pia kukubali kwa sharti kwamba ukuta wa saba uachwe. Ukiamua hivyo, usiende kuwahubiria. Waambie tu kitakachotokea: siku ya kwanza rangi ikipakwa juu ya uso ule, kuna mtu wa steji atakayerekodi, na kufikia jioni kila simu Nairobi itaionyesha chupa yao ikiwa imeketi juu ya mtoto wa watu. Hasara ni lugha wanayoielewa upesi. Lakini hebu jiulize jambo ambalo barua yako haikulisema. Umeandika kwa uchungu kuhusu ukuta mmoja. Zile nane nyingine je? Ngumi, bendera, HATUOGOPI, kisha soda. Wa saba ukiachwa, utalala? Ukinijibu ndiyo, basi shida yako ni huyu kijana, na hilo lina mlango. Ukinijibu hapana, basi kinachokuchoma ni kuona ujasiri wa vijana ukikodishwa kuuza sukari, na hapo hata kuta zote zingekuwa Mombasa usingepata usingizi. Hayo ni mawili, na majibu yake hayafanani.

Tena kuwa tayari kwa mteja mjanja. Anaweza kusema: vizuri, uso tuuache, chupa tuiweke pembeni kidogo, na mama tumpe chochote. Utasemaje? Najua moyo unataka kupiga kelele. Lakini mama naye analipa kodi ya nyumba, na sidhani wewe au mimi tuna haki ya kumkatalia pesa kwa niaba yake tukiwa tumeshiba.

Ipo njia ya kuondoka kabisa. Kuna wasanii wanaoishi kwa sanaa yao katika mji huu, kama wale wa kikundi cha Kuona kule Kilimani. Kuna kikundi cha Wajukuu cha Mukuru, kule Lunga Lunga, waliotoka katikati ya mabati wakaalikwa kwenye maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, na wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode. Inawezekana, basi. Lakini usidhani huko nje hakuna wateja. Wafadhili nao wana kaulimbiu zao. Nimeona vikundi vya maigizo vilivyoanza kwa njaa na hasira vikaishia kuigiza kunawa mikono, kwa kuwa ndiko pesa ilikokuwa mwaka ule. (Kunawa mikono ni kuzuri. Naeleza tu.) Ukifika huko, jua kwamba kwa kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki yetu, kazi uliyoagizwa kuchora huhesabiwa kuwa ya aliyeiagiza, na uliyoichora katika ajira huwa ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo kubalianeni vinginevyo, kwa maandishi, kabla ya kopo la kwanza kufunguliwa. Na leo hii, kabla ya Jumatatu, toa mkataba wako wa kazi kabatini usome. Uso wa kijana uliuchora kwa wakati wako na rangi yako, hukuuchora katika ajira. Lakini ipo mikataba inayojaribu kudai kila kitu mfanyakazi anachochora, hata usingizini. Uujue wako unasemaje.

Hofu ya mama yako mzazi usiichukulie kuwa ni uzee. Kifungu cha 33 cha Katiba kimeutaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanii, nami nilikifundisha kwa fahari, lakini mama yako anaishi katika nchi ile iliyoko nje ya kitabu. Usichore peke yako usiku. Mtu mmoja ajue uko ukuta gani na utarudi saa ngapi, na huyo mtu akiwa mama yako, pengine zile simu zitapungua.

Nikupe na jambo langu, ingawa si la kujivunia. Miaka ya themanini nilikuwa nikiandaa michezo ya shule ya wasichana. Mwaka mmoja afisa alikuja kuutazama mchezo kabla ya tamasha, akaniomba niondoe sentensi moja tu, ya mwanamke mmoja kuhusu shamba lililochukuliwa. Niliiondoa. Wasichana hawakubishana nami. Siku ya tamasha, walipofika mahali pale, yule aliyekuwa na sentensi ile alisimama, akafungua mdomo, akanyamaza kwa muda wa kuisema, akaendelea. Ukumbi wote ulielewa. Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo. Ni miaka karibu arobaini sasa, na bado sijui kama niliokoa mchezo au nilijiokoa mwenyewe. Ninachokijua ni kwamba wasichana wale sikuwauliza. Niliamua kwa niaba yao nikaita hekima.

Ndiyo maana nimerudi kwa ile picha kwenye faili la kazi zako.

Barua yako ni ndefu, na habari ya picha hiyo umeipa mistari minne, tena umeiweka mwishoni, kama mgonjwa anayemwambia daktari ugonjwa wenyewe akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango. Hebu tukae nayo kidogo. Msanii kuonyesha kazi yake si wizi. Huenda ndiyo kazi bora uliyowahi kuifanya, na ulitaka mtu pale ofisini ajue kwamba aliyechora mjusi wa bima anaweza kuchora na hiki. Nakuelewa kabisa. Lakini uso ule haukuwa wako peke yako hata ulipokuwa unauchora. Kovu lake lilitoka kwa mtu mwingine. Uliomba ruhusa ya kumchora akatazamane na steji. Ruhusa ya kuingia naye Westlands hukuiomba, na nadhani hilo ndilo lililokufunga mdomo pale kikaoni. Ungesemaje, "Mwacheni", wakati uliyewaletea ni wewe?

Sasa tazama nani amekwisha kuulizwa. Bosi amesema lake, mteja lake, mwenye godauni amekubali Sh60,000, mama yako ameomba, mimi nimeandikiwa. Aliyekukumbusha kovu hajaulizwa chochote. Hata hajui kwamba kuna swali.

Sijui atasema nini, na ninakuonya kwamba huenda usilipende jibu lake. Huenda akakasirika kwa ajili ya picha, na ana haki. Huenda akasema chukua hizo pesa, mwanangu, ulee mtoto, aliyekwenda amekwenda. Huenda akataka chake. Na huenda, hili nililifikiria mara mbili kabla sijaliandika, akakuambia kwamba amechoka kuja pale kila Jumapili, kwamba uso ule mkubwa hivyo haumwachi apumzike, na akabariki ufutwe. Wewe umeuona ukuta huo kama kazi yako na kama mapambano yako. Kwake ni mahali pa kuketi. Mahali hapo pana mambo ambayo wewe na mimi hatuyajui.

Ukimwendea, usiende kutafuta msamaha. Mtu aliyefiwa hatakiwi kutwikwa kazi ya kumfariji aliyemkosea. Mwambie yaliyotokea kwa mpangilio wake, picha kwanza, na umwachie nafasi ya kunyamaza. Mchukulie picha nzuri ya ukuta, iliyopigwa asubuhi jua likiwa bado laini, ioshwe kwa karatasi nzito. Hata kampeni hii ikifa, jua na mvua za Nairobi haziachi rangi salama miaka mingi, na mwenye godauni anaweza kuuza kesho.

Kikundi chako nacho kisikie kwako. Yule anayekuita Mama Westlands huenda akaondoka kwa hasira, na itauma. Lakini akisikia habari hizi kwa makanga, itauma mara mbili, na safari hiyo atakuwa na haki. Au huenda wana wazo ambalo hulitarajii. Watu waliouziba mtaro kwa kuchora mamba si wa kudharau.

Kuhusu Jumatatu, bosi anayekutaka wewe kuongoza mradi anaweza kungoja mpaka Alhamisi. Mwombe. Ikiwa hawezi kungoja siku tatu, hilo nalo ni taarifa juu ya mradi utakaokuwa ukiuongoza.

Umesema huja Jumapili alasiri, akitoka kanisani, na kwamba huja na kigoda chake. Beba na chako.

Mwalimu